Muulize Mama Nesi: Ngoma iliyotusimamisha njia ya Sipi

SWALI

Shikamoo Mama Nesi,

Mimi ni fundi cherehani wa Tanga. Agosti 2024 nilikuja Kampala kumvalisha rafiki yangu gauni la harusi nililomshonea. Harusi ilipokwisha, mtoto wa dada yangu niliyesafiri naye, kijana wa miaka 18, akanishika: mama mdogo, haturudi kabla ya kuona maporomoko ya Sipi. Tukalala Mbale, asubuhi tukapanda takisi ya Kapchorwa.

Hatujafika Sironko, gari likasimama. Barabara yote ni watu. Mbele walikuwepo vijana watatu waliopakwa kitu kama uji mzito tangu kichwani hadi kifuani, shanga zimepishana kifuani, njuga mapajani. Mmoja alivaa kichwani ngozi yenye manyoya meusi na meupe. Nyuma yao wapigaji wamening'iniza ngoma mabegani, wanapiga huku wanatembea, na nyuma ya ngoma kijiji kizima kinacheza, fimbo na matawi juu. Dereva akazima gari, akasema, "Mama, hapa tutakaa."

Tulishuka kunyoosha miguu. Kugeuka, mwanangu hayupo! Alikuwa katikati ya ngoma, kapewa fimbo, kapakwa ule uji usoni, anacheza. Mzee mmoja akaniuliza kitu, nilichokidaka ni neno moja tu, "musinde". Roho ikaniruka. Nikamrukia mtoto, nikamkumbatia, nikapiga kelele kwamba huyu katahiriwa hospitalini tangu mchanga, mwacheni! Watu wakacheka. Mama mmoja akaniambia kwa Kiswahili kizuri, "Tulia dada, wewe ni mgeni wetu. Mwache acheze."

Kwa kuwa gari haliendi, tukafuatana nao mpaka uani kwa mmoja wao. Mama Nesi, niliyoyaona sikuyategemea. Kijana alisimama wima, mikono juu, ameshika fimbo, macho mbele. Ngariba alipoinama nikapiga yowe. Bibi mmoja jirani yangu akaniziba mdomo kwa kiganja. Kisha filimbi ikalia, vigelegele vikapanda, na yule kijana hakuwa ametikisika hata ukope. Nililia sana. Nilimpa shilingi 20,000 mkononi. Wakati wa kuondoka, yule bibi aliyeniziba mdomo akaniletea kifurushi cha vijiti vya rangi ya kahawia vinavyonukia moshi, akasema "malewa", akaondoka.

Kwetu jando ni siri. Wavulana hupelekwa porini, na mwanamke hasogei. Hapa wake kwa waume wanatazama mchana kweupe. Nieleze, kwa nini? Je, yowe langu lilimharibia yule kijana? Mwanangu angeweza kukatwa kweli? Amerekodi video yote na anataka kuiweka mtandaoni. Nimemzuia mpaka nipate jibu lako. Na vile vijiti ni dawa au chakula? Viko kabatini mpaka leo.

Fundi, Tanga

JIBU

Marahaba, fundi. Barua yako niliisoma mara mbili jana usiku, maana nami nimewahi kusimama uani kama wewe, mgeni, sijui kinachoendelea, yowe limenikaa kooni.

Mimi si Mmasaba, yaani wa kabila la vijana wale uliowaona, kwa kuzaliwa. Nilizaliwa Tororo, baba yangu akifanya kazi ya reli, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu majirani wa kota zile walitoka kila upande. Niliolewa Mbale nikiwa nesi mwenye umri mdogo. Mwaka 1982, miezi michache baada ya harusi, nilisikia ngoma saa kumi na moja alfajiri. Nikadhani kuna msiba. Nikajifunga kanga na kutoka nje, nikamkuta shemeji yangu mdogo, mtoto niliyemtengea chai jana yake, amepakwa mwili mzima, anaruka mbele ya umati. Hakuna aliyenieleza. Walisahau kwamba mimi sijui.

Ile ni *imbalu*, tohara ya Wamasaba, ambao wengi mnawajua kwa jina la Wagisu, watu wa miteremko ya Mlima Elgon. Wao wenyewe mlima wanauita Masaba. Hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili: 2020, 2022, 2024. Hufunguliwa mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto, kando ya mji wa Mbale, mahali panaposimuliwa kuwa ndipo kijana wa kwanza alipokatwa. Kisha koo na vijiji hupokezana zamu hadi Desemba. Kwa hiyo wewe ulipita njia ya Sironko zamu ikiwa kwa wenyeji wa hapo.

Ule uji ni chachu ya ulezi, ileile inayopikiwa pombe ya kienyeji, *malwa*. Manyoya meusi na meupe ni ya mbega. Ngoma zile huitwa *kadodi*, na siku hizi utazisikia hata kwenye harusi na kampeni za siasa, lakini mwenye sikio anatambua papo hapo zinapopigwa kwa ajili ya tohara. Mapigo hayampi mtu nafasi ya kusimama.

Kijana hapelekwi na mtu. Hili nataka ulishike, kwa sababu ndilo linalojibu mengi uliyoniuliza. Yeye mwenyewe hutangaza kwamba mwaka huu nitasimama. Akishatangaza, anazunguka kwa ndugu, siku hadi siku, akicheza: kwa mashangazi, kwa babu, na kwa mjomba wake hasa, upande wa mama. Kila nyumba humpa kitu, kuku, fedha, mbuzi kwa mwenye uwezo, na humwambia maneno. Wengine humtisha kabisa. Wanamwambia kisu ni kikali, rudi nyumbani, bado hujachelewa. Anazungushwa ili kila mwenye damu yake amwone na kila aliyemwona ajue kwamba aliambiwa na hakurudi nyuma. Kwenu mvulana hufichwa, akarudi amekuwa mtu mwingine. Huku anatakiwa ageuke mbele ya macho ya watu. Asiyeonwa akisimama, nani atamshuhudia?

Na ndiyo maana ulivutwa, fundi. Shahidi akizidi mmoja, heri. Mgeni kutoka Tanga, aliyeshuka kwenye gari bila kualikwa, hiyo kwao ilikuwa neema, wataisimulia miaka mingi: siku ya fulani hata Mtanzania alikuwepo.

Lakini si kila mwanamke hutazama. Nikurudishe 1982. Wakati wa kisu nilianza kutetemeka, na mama mkwe akanishika mkono akaniingiza ndani ya nyumba. Nilidhani ananiondoa kwa aibu. Ndani mle niliwakuta wanawake wamekaa sakafuni kwenye giza, na katikati yao alikuwa yule wifi aliyemlea shemeji yangu tangu mama yao mzazi alipofariki. Ameishika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili, miguu ameikunja, jasho linamtoka. Hakuna aliyesema neno. Nimekaa chumba cha kuzalishia wodini miaka mingi baadaye, na kila mara nikimwona mama ameshika kitanda namna ile namkumbuka. Alikuwa anazaa. Nje mwanawe anazaliwa mara ya pili, naye ndani anabeba uchungu wake.

Mwaka 2006 ilikuwa zamu yangu kushika nguzo. Mwanangu alikuwa na miaka 17. Nilimsihi aende hospitali, nikamwambia mimi mwenyewe nitasimamia, atapata ganzi na nyuzi safi. Akanijibu kwa upole, "Mama, wewe hukuzaliwa huku. Mimi nimezaliwa huku." Sikumsihi tena. Ila jioni ya kuamkia siku yenyewe nilikwenda hadi kwa ngariba, nikiwa na boksi la glavu na chupa ya spiriti ndani ya kikapu. Nikampigia magoti kama anavyopigiwa mkubwa, nikasema, baba, ninakuomba jambo moja: kisu kitakachomgusa mwanangu kisiwe kimemgusa mwingine, na baada yake kisimguse mwingine mpaka kichemshwe. Alikubali. Chanjo ya pepopunda nilikwishampa mtoto mapema. Asubuhi ile nilikaa sakafuni na wenzangu, nikashika nguzo, nikasikia ngoma zikinyamaza. Kimya kile sijui kilidumu muda gani. Kisha filimbi. Nilijua tu kwa filimbi.

Sasa yowe lako. Usinikasirikie nikikuambia ukweli: ni kweli halikutakiwa. Ngoma zikishanyamaza, uwanja mzima huzuia pumzi, kwa sababu kijana hapaswi kusikia hofu ya mtu yeyote wakati yeye anaishinda ya kwake. Akitikisika au akifumba macho, aibu yake huenda mbali na mara nyingine ukoo hutozwa. Ndiyo maana bibi alikuziba mdomo. Lakini umesema mwenyewe hakutikisika. Basi hukumharibia chochote. Pengine wazee wanasimulia kwamba hata mgeni alipiga yowe pembeni yake naye akabaki kama mti. Na angekuwa amekuchukia, yule bibi asingekwenda kukutafutia malewa.

Fedha ulizompa zilikuwa sawa kabisa. Kijana akishakatwa hukalishwa, akafunikwa shuka, na hapo ndipo watu humtunza. Jambo ambalo hukuliona ni lile la baadaye. Kwa siku tatu hashiki chakula kwa mkono wake, analishwa. Siku ya tatu ngariba anarudi, anamnawisha mikono, anamweleza kazi za mwanamume: ajenge nyumba yake, aoe, alime, aheshimu watu. Mimi hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na hakuna mtalii anayeisubiri.

Kuhusu mwanao. Neno ulilolisikia, *musinde*, ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Aliyekwisha huitwa *musani*. Mzee aliuliza kama watu wanavyouliza jina na kabila. Kijana mgeni kupewa fimbo na kupakwa chachu maana yake ni karibu ucheze nasi. Hata hivyo hofu yako haikuwa ya kijinga na sitaifunika. Wapo Wamasaba watu wazima waliokwepa, na msimu ukifika wakijulikana hukamatwa na kukatwa kwa nguvu, wengine wakiwa mbali na kwao, wengine wametajwa na wake zao wenyewe. Hilo nimelipinga tangu nilipofika na ninalipinga leo. Aliyekatwa huku amefungwa mikono hajasimama, na hakuna mzee aliyewahi kunijibu hoja hiyo nikatosheka. Nimefunga vidonda vya watu wa namna hiyo. Walikuwa hawanitazami usoni.

Swali ambalo hukuuliza lakini wasomaji wengi huliuliza nikitaja njia ile: Wamasaba hawakeketi wasichana. Ukipanda kwenda Kapchorwa unaingia kwa Wasabiny, ni watu wengine na lugha nyingine. Huko ukeketaji ulikuwepo, na Uganda iliupiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2010. Msichanganye mambo haya mawili mnaposimulia safari zenu.

Na kwa kuwa mimi ni nesi, msinizuie kusema la unesi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya wanaume kuwa njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, baada ya utafiti ambao sehemu yake ilifanyika hapa Uganda, wilaya ya Rakai. Tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, haiiondoi. Kwa hiyo sina ugomvi na tohara yenyewe. Ugomvi wangu ni kisu kimoja kwa vijana wengi, na kidonda kinachopakwa vitu vya ajabu. Siku hizi ngariba wengi wanabeba kisu kwa kila kijana, na ninawashukuru.

Video. Mwambie asiiweke. Najua atakujibu kwamba palikuwa na simu mia zimeinuliwa, na kwamba wizara yenyewe inaitangaza imbalu kama utalii. Kweli. Ila yule kijana alikubali kutazamwa na waliokuja, waliopigwa na jua pamoja naye, waliompa kuku na wewe uliyempa 20,000. Hakukubali kutazamwa akiwa uchi na mtu aliyelala kitandani kwake Dar es Salaam anayetafuta kitu cha kucheka. Kesho atakuwa mwalimu au dereva au baba wa mtu, na picha ile haitazeeka. Abakize ngoma na safari ya barabarani, akate kipande cha uani. Kama amekwisha kuituma kwa marafiki, awaombe waifute, na awaombe kwa heshima.

Sasa kabati lako. Malewa ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yanayokaushwa kwa moshi, na ni chakula cha heshima huku. Mtu hakupi malewa ya mwisho wa mwaka uliopita. Kama yamehifadhiwa pakavu na hayana ukungu, bado yanafaa. Yaloweke maji ya vuguvugu usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya yenye magadi kidogo mpaka yalainike. Vumilia, yanachukua muda. Yakate vipande vidogo, tupa sehemu ngumu ya chini. Kaanga kitunguu na nyanya, tia malewa, kisha karanga za kusaga ulizokoroga kwa maji, moto uwe mdogo, koroga usiache karanga zikashika chini. Chumvi mwisho. Sisi tunakula na matoke. Nyinyi wa Tanga jaribuni na wali, mtaniambia. Na mwanao ale sahani yake kamili, alikicheza chakula hicho.

SWALI

Mama Nesi, mimi ni mfanyabiashara Bukoba. Nimesikia habari za imbalu kwa watu wa mpakani nami nataka kuja na wenzangu wawili. Tuje lini na tujiandae vipi?

JIBU

Njooni Agosti 2026. Mkija mwaka usiogawanyika kwa mbili mtaikuta Mbale na kahawa yake, imbalu hamtaikuta.

Siku ya ufunguzi Mutoto huwa na umati mkubwa mno, viongozi, hotuba, vumbi na wezi wa simu. Mtaona ngoma nyingi na watu wachache sana mtakaowafahamu. Mimi ningewashauri mkae Mbale siku nne au tano baada ya hapo, mtafute mwenyeji, mtu wa dukani au kanisani au msikitini, mumwambie mnataka kumsindikiza kijana wa kwao. Atafurahi. Mkifika nyumbani kwa watu salimieni "mulembe" kabla ya kutoa simu mfukoni. Msitembee mbele ya ngoma, fimbo zinarushwa, kaeni ubavuni. Mkiwekewa mrija wa malwa na hamnywi pombe, semeni tu kwamba hamnywi, mtaletewa chai. Giza likianza kuingia rudini mjini, maana wanywaji hapo wanakuwa wengi kuliko wachezaji.

Fedha ndogondogo bebeni, noti za 5,000 zinatosha, na mpeni kijana mwenyewe mkononi. Agosti ni mvua huku, na udongo wa vijiji vya juu unateleza kama sabuni. Leteni viatu vya kufunga kamba.